Kabla kidole hakijakatika: maandalizi ya viwanda vya mbao Mafinga

Vidole vinavyopotea kwenye viwanda vya mbao, kuanzia mashine za ding dong (mashine ndogo za kupasulia zinazohamishwa) zinazofuata mavuno ya msitu wa Sao Hill hadi karakana za Mafinga mjini, wilayani Mufindi, hukatika kwa njia chache zinazojirudia. Kubwa kuliko zote ni kipande kidogo kilichokwama pembeni mwa msumeno wa duara. Mtu anazima mota, mlio unakufa, ananyoosha mkono akitoe. Msumeno bado unazunguka, ila sasa hausikiki. Njia ya pili ni paina mbichi: inabana msumeno, mbao inarushwa nyuma, na mkono uliokuwa ukisukuma unaangukia kwenye meno.

Kwa hiyo kabla ya zamu anza na mashine. Nyuma ya msumeno wa kupasulia kuwe na kisu cha kuachanisha mbao, kisichozidi milimita 8 kutoka kwenye meno. Kifuniko kiwepo juu, na meno yatokeze kidogo tu kupita unene wa mbao. Kijiti cha kusukumia, kama sentimita 40 na pembe iliyochongwa nchani, kining'inie kwenye mashine yenyewe. Kikiwekwa stoo hakuna atakayekifuata. Simama kando ya mstari wa msumeno, na usiguse kitu mpaka uone meno yamesimama.

Halafu umeme. Swichi nzuri hujiachia umeme unapokatika, na unaporudi mashine inabaki imezimwa hadi mtu aiwashe. Ukikuta kitufe cha kuwashia kimekwamishwa kwa kijiti ili "isisumbue", hiyo mashine itajiwasha yenyewe huku mtu anabadilisha msumeno. Toa kijiti, itengenezwe. Anayefanya matengenezo azime swichi kuu, aipige kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwake, siyo kwa msimamizi.

Baridi ya Mufindi ya Juni hadi Agosti ina hatari yake. Vidole vikifa ganzi havipimi nguvu wala umbali, na watu huvaa glovu za sufu. Kwenye msumeno, randa au drili inayozunguka, uzi mmoja ukinaswa huvuta mkono wote. Glovu ni za kubeba mbao na kushika meno mashine ikiwa imezimwa na msumeno umesimama. Vifaa vya kinga hutolewa na mwajiri bila kumkata mfanyakazi. Mikono ipashwe joto kwa mapumziko mafupi, mbali na vumbi la mbao. Pete na saa vibaki nyumbani.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na shashi safi nyingi, bandeji pana, mifuko ya plastiki inayofungika na maji safi. Jeraha linalotoa damu likandamizwe kwa nguvu dakika 10 mfululizo, mkono ukiwa juu, bila kufunua kuchungulia. Pete iliyosahaulika itolewe mapema kabla kidole hakijavimba. Kidole kilichokatika kifungwe kwa shashi iliyoloweshwa kidogo, kiwekwe kwenye mfuko uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu ikigusa nyama moja kwa moja inaiua. Hata kama hakitarudishwa, kipelekwe: ngozi yake inaweza kumsaidia daktari kuziba jeraha. Mafinga hadi Iringa ni kama kilomita 80, Mbeya ni mbali zaidi, kwa hiyo gari, dereva na namba zao vijulikane kabla ya siku hiyo. Hospitalini uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Sasa karatasi, ambazo wengi huzitafuta wakiwa tayari na bandeji. Tanzania Bara, fidia ya aliyeumia kazini hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya mwaka 2008. Mchango ni wa mwajiri peke yake. Ukiuona kwenye makato ya mshahara wako, hapo kuna kosa. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea, ila lazima ionekane kwamba uliajiriwa na uliumia ukiwa kazini. Kwa kibarua wa kulipwa kwa siku hapo ndipo kesi nyingi hukwama. Weka nakala ya mkataba kama upo, picha ya daftari la mahudhurio, na meseji za malipo ya simu usizifute.

Ukiumia, toa taarifa siku hiyohiyo mbele ya shahidi. Mwajiri ana siku 7 za kuwasilisha taarifa WCF, na dai lenyewe lisipite miezi 12. Mwombe daktari aandike mkono upi, kidole kipi, kimekatika kwenye kiungo gani, na kama ndio mkono unaoutumia zaidi, maana asilimia ya ulemavu hutokana na maelezo hayo. Nauli na hela ya dawa pokea, lakini usisaini karatasi inayosema mambo yamekwisha. Ukiachishwa kazi kwa sababu ya jeraha, mgogoro hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na siku hizo hazisubiri kidonda kipone.