Namna ya Kuzizuia Programu Zinazopeleka Taarifa za Kompyuta Yako Bila ya Wewe Kujua

Kompyuta ya mapokezi katika nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe huhifadhi nakala za pasipoti, namba za simu, tarehe za kufika na kuondoka, na mara nyingine picha ya kadi ya benki ambayo mgeni ameituma kwa barua pepe bila ya kuombwa. Wengi wanaoitumia humwogopa mdukuzi wa mbali, ilhali taarifa zinaweza kuvuja kupitia programu walizoziweka wenyewe na kuzikubalia masharti bila ya kuyasoma. Kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda faragha ya mtu, lakini programu haisomi katiba, kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mwenye kompyuta. Maelekezo haya ni ya Windows 10 na 11.

Anza kwa kutazama kabla ya kufuta chochote. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, andika resmon, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha litakalofunguka, nenda kwenye kichupo cha mwisho, ambacho ni cha mtandao. Hapo utaona jina la kila programu inayowasiliana na nje, pamoja na kiasi inachotuma na inachopokea kwa sekunde. Funga kivinjari na barua pepe, usiguse kitu kwa dakika chache, halafu angalia ni ipi inayoendelea kutuma. Jina geni peke yake si ushahidi wa ubaya, kwani Windows hujisasisha yenyewe na huduma zake nyingi huonekana kwa jina la svchost. La kutiliwa shaka ni programu usiyoitumia kabisa, tuseme ya printa iliyokwisha kuuzwa zamani, ambayo bado haiachi kupeleka kitu. Anayetumia bando la simu ana kipimo kingine, kwa kuwa mipangilio ya mtandao ya Windows ina ukurasa unaoonesha kila programu imetumia data kiasi gani kwa siku 30.

Ukishazijua, ziondoe. Amri ya appwiz.cpl, ikiandikwa pale pale ulipoandika resmon, hufungua orodha ya programu zilizowekwa, na ukiipanga kwa tarehe utaziona zile zilizoingia siku moja na programu ya bure uliyoipakua. Usiiache nje programu ya kuua virusi kwa sababu tu ya jina lake. Avast ilikusanya historia ya tovuti walizotembelea watumiaji wake na kuiuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020 baada ya waandishi wa habari kulifichua jambo hilo. Mwaka 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Kwa maoni yangu, kinga iliyomo ndani ya Windows inaitosha ofisi ndogo.

Viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari, ndivyo vinavyosahauliwa zaidi. Katika Chrome, andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani na ufungue maelezo ya kila kimoja. Kiendelezi cha kugeuza faili kuwa PDF kilichopewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote kinaweza kuuona hata ukurasa wa bukingi wenye majina ya wageni, na sioni sababu ya kukibakisha.

Windows yenyewe nayo haina budi kubanwa. Katika mipangilio ya faragha, zima utumaji wa data ya uchunguzi isiyo ya lazima, yaani taarifa za namna kompyuta inavyofanya kazi, kwa kuwa Microsoft inakiri kwamba ripoti za programu kukwama zinaweza, bila ya kukusudiwa, kubeba sehemu ya faili uliyokuwa umeifungua. Zima pia kitambulisho cha matangazo, yaani namba ambayo programu huitumia kukutambua ili zikuoneshe matangazo.

Limebaki la programu zilizokopiwa, yaani zinazotumika bila ya leseni halali. Fundi anayevunja leseni ya Windows au Office kwa kawaida huizima kwanza kinga ya kompyuta, kwa sababu kifaa anachokitumia hukamatwa kama kirusi, na baada ya hapo hakuna anayejua kilichoingia pamoja nacho. Ukinunua laptopu iliyotumika, mtake fundi aifute yote na kuweka mbele yako Windows iliyopakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft. Akikwambia kwamba utalazimika kununua leseni mpya, mwambie ajaribu kwanza: ikiwa mashine hiyo ilikuwa na leseni halali ya Windows 10 au 11, na toleo linalowekwa ni lile lile, kwa kawaida leseni hujirudisha yenyewe mara kompyuta inapounganishwa na intaneti.