Fizikia mwaka wa kwanza: namba ziingie mwisho

Kwa wadogo zangu mnaoanza fizikia chuoni hapa Moshi: ukipewa swali, usikimbilie kikokotoo. Tatua kwa herufi mpaka jibu libaki peke yake upande mmoja, ndipo uweke namba.

Chukua bodaboda anayepita barabara ya Himo kwa 54 km/h, akafunga breki kwenye lami tambarare, tairi zikasota. Ataenda umbali gani kabla ya kusimama? Nishati ya mwendo yote inaliwa na msuguano: ½mv² = μmgd, ambapo m ni masi, v ni mwendo, d ni umbali, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, na μ ni kipimo cha msuguano wa tairi na lami, namba isiyo na kizio. Tazama, m inafutika pande zote, hivyo d = v²/(2μg). Abiria awepo au asiwepo, umbali ni uleule maadamu μ haibadiliki. Ungeanza na namba, jambo hilo zuri usingeliona kabisa.

Sasa kagua vizio: m²/s² ukigawa kwa m/s² inabaki m, yaani umbali. Ikitoka sekunde au kilo, rudi juu ukatafute ulipoteleza. Jaribu pia kupunguza μ ielekee sifuri: d inakua bila kikomo, na ndivyo utelezi ulivyo kweli.

Hapo ndipo geuza 54 km/h kuwa 15 m/s. Kwa μ ya 0.6 na g ya 9.8 m/s², unapata mita 19 hivi. Mwendo ukiwa maradufu, umbali unakuwa mara nne. Hili naomba mlibebe hata mkiwa barabarani, si kwenye mtihani tu.

Na mchoro wa kani uchoreni kila mara, hata swali likionekana jepesi.