Pikipiki yako ya CG 125 haivuti? Anza na tapeti, kabureta kubwa baadaye

Wateja wangu wengi wakija wanasema, "Fundi, niongezee mbio." Wanataka kabureta kubwa au oversaizi, yaani kuchonga silinda ipokee pistoni kubwa zaidi. Oversaizi nayo ni ya kupima kwa hesabu: silinda ya CG ina kipenyo cha milimita 56.5 na pigo (mwendo wa pistoni juu na chini) la 49.5. Ukichonga milimita nzima unatoka cc 124 hadi kama 128 na nusu. Hapo hujaongeza mbio, umeondoa uchakavu tu.

Tuanze na tapeti, yaani skrubu zinazopanga mwanya wa valvu. Injini iwe ya baridi kabisa. Toa plagi, fungua kifuniko cha juu na cha magneti upande wa kushoto. Weka chombo chini, oili inaweza kumwagika. Zungusha magneti mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kwenye kasha. Sasa tikisa roka zote mbili (mikono midogo inayosukuma valvu) kwa vidole. Zikicheza, endelea. Zikibana, zungusha raundi moja kamili, T irudi palepale. Wengi wanaruka hapa, wakaja kulaumu spea.

Pitisha fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.08 kati ya roka na valvu, ni ileile kwa valvu ya kuingiza na ya ekzosi. Ipite kwa kukwama kidogo, kama noti inayovutwa kutoka katikati ya daftari lililofungwa. Shikilia skrubu ya tapeti wakati unakaza nati yake, halafu pima tena, maana kipimo huhama.

Usikimbilie ukimya. Miaka ya mwanzo nilimkazia mteja tapeti mpaka mlio ukaisha, akaondoka anachekelea. Hakukaa sana akarudi anaisukuma: valvu ya ekzosi imeungua ukingoni, kwa kuwa haikuwa inafunga vizuri ikapoa. Spea nilinunua mimi.

Chujio la hewa lisafishe au libadilishe, usilitoe. Mlio utakuwa mkubwa, kweli, ila vumbi la barabarani litakula ringi na silinda.

Kabureta utaiweka sawa injini ikishapata moto. Pandisha mngurumo kidogo kwa skrubu ya slaidi, kisha geuza skrubu ndogo ya mchanganyiko robo robo, huku na huku, mpaka usikie injini imechangamka kuliko pengine pote. Iache hapo, ushushe mngurumo. Endesha kilomita chache, toa plagi uitazame: kahawia hafifu ni sawa, masizi meusi mafuta yamezidi, nyeupe yamepungua, na hiyo nyeupe ndiyo inayotoboa pistoni. Mwanya wa plagi uwe milimita 0.6 hadi 0.7.

Bado inachoka mlimani na mzigo? Badilisha sproketi ya mbele, kutoka meno 15 kwenda 14. Mvuto unaongezeka kama asilimia 7, na mwendo wa juu unapungua kiasi hichohicho. Cheni italegea kidogo, kwa hiyo sogeza tairi la nyuma lirudi nyuma kidogo kabla ya kukaza ekseli.