Kumpiga bibi picha nyumbani bila zote kufanana

Ukitaka picha za bibi zisifanane, usihangaike kubadilisha nguo, badilisha mwanga. Mkalishe kwenye kigoda hatua moja ndani ya mlango, uso uelekee nje, taa ya ndani izimwe ili rangi mbili za mwanga zisigongane usoni. Piga hapo. Kisha mgeuze, ubavu ndio uelekee mlango: nusu ya uso inaingia kivulini, mikunjo inajitokeza, na picha inakuwa nyingine kabisa. Kivuli kikizidi, mtu ashike shuka jeupe upande wa pili.

Simu usiisogeze karibu na uso, pua itavimba. Rudi nyuma hatua mbili, kisha uvute picha karibu kwa 2x, yaani mara mbili. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kubonyeza, hasa akiwa na mtandio mweupe, maana kamera hudanganywa na weupe ikamtia mtu giza.

Halafu mpe kazi, achambue mchele kwenye ungo. Mikono ipige peke yake pia. Na usimwambie acheke, atakakamaa tu. Muulize ni nani kati ya wanawe alikuwa mtundu kuliko wote.