Kuikarabati Tovuti ya Sayansi Iliyopitwa na Wakati

Tovuti nyingi za kufundishia sayansi zilizojengwa miaka ya 2000 zina maarifa mazuri, ila mwanafunzi anayezifungua leo kwa simu hukutana na maandishi madogo yaliyobanana, menyu zisizobonyezeka na masanduku matupu mahali palipokuwa na jaribio la kuigizwa kwenye skrini. Aliyekabidhiwa kazi ya kuikarabati tovuti ya namna hiyo hushawishika kuanza na rangi na nembo, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoonekana upesi. Nashauri ayaache hadi mwisho. Mwanafunzi huukimbia ukurasa usiompa kazi ya kufanya, hata ukipambwa vipi, na kasoro hiyo ndiyo ya kushughulikiwa kabla ya nyingine zote.

Anza kwa kuorodhesha. Tengeneza jedwali lenye anwani ya kila ukurasa, mada yake, tarehe uliyohaririwa mara ya mwisho, idadi ya wanaousoma kwa mwezi na uamuzi wako: ubaki, urekebishwe, uunganishwe na mwingine, au uondolewe. Fungua kila ukurasa wewe mwenyewe kwa simu na ubonyeze kila kitufe. Majaribio yaliyotengenezwa kwa Flash, teknolojia ya zamani ya kuendesha michoro hai ndani ya kivinjari, utayakuta yamekufa, kwa sababu Adobe iliacha kuihudumia teknolojia hiyo tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yake yenyewe ikazuia maudhui hayo yasifunguke. Programu huria ya Ruffle huweza kufufua baadhi yake ndani ya vivinjari vya sasa, nayo inafaa kujaribiwa kabla hujatupa kitu, ingawa jaribio lililobuniwa kwa ajili ya kipanya mara nyingi huwa gumu kuendeshwa kwa kidole. Kabla ya kuunda jipya, pitia kwanza PhET, mkusanyiko wa majaribio ya sayansi ya kuigizwa wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, ulioanza mwaka 2002 na ambao majaribio yake mengi ya Flash na ya Java, teknolojia nyingine ya zamani, yameandikwa upya kwa HTML5, lugha ambayo vivinjari vya sasa huifungua bila programu ya ziada. Huenda unalolihitaji lipo tayari, na kilichobaki ni kusoma masharti ya leseni.

Katika jedwali hilo hilo ongeza safu ya usahihi wa kisayansi. Ukurasa unaosema Mfumo wa Jua una sayari 9 umepitwa tangu mwaka 2006, Pluto ilipowekwa katika kundi la sayari kibete. Jedwali la elementi lisilofika 118, au linaloandika majina ya muda kwa elementi 113, 115, 117 na 118, linahitaji majina yaliyoidhinishwa mwaka 2016. Fasili ya kilogramu inayotegemea silinda ya metali iliyohifadhiwa karibu na Paris ilibadilishwa tarehe 20 Mei 2019, na sasa kipimo hicho hufafanuliwa kwa konstanti ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika. Ile ramani ya ulimi inayogawa utamu mbele na uchungu nyuma iondoe kabisa, kwa maana vionjo vyote huhisika katika sehemu zote za ulimi zenye vihisio vya ladha.

Baada ya hapo usikimbilie tovuti nzima. Chagua somo moja, ulijenge upya hadi likuridhishe, ndipo liwe kielelezo cha mengine. Chukua somo la majira ya mwaka. Ukurasa wa zamani huwa na aya 7 au 8 za maelezo na mchoro wa njia ya Dunia uliovutwa ukawa kama yai refu, na mchoro huo wenyewe humfundisha mwanafunzi kosa, kwamba joto huja Dunia inapolikaribia Jua. Ukurasa mpya uanze na swali: Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwezi gani, Januari au Julai? Mwanafunzi achague kabla ya kusoma chochote. Kisha aonyeshwe kwamba mwanzoni mwa Januari umbali ni takribani kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai takribani milioni 152, ilhali Januari ni majira ya baridi katika nusu ya kaskazini. Aliyechagua Julai kwa kufikiria joto la kaskazini sasa ana fumbo lake mwenyewe la kutatua. Mpe kitelezi, yaani kitufe cha kusogeza, cha kubadili mwinamo wa mhimili wa Dunia, unaokaribia nyuzi 23.4, akishushe hadi sifuri, aone tofauti ya majira ikitoweka mbele ya macho yake. Maelezo yaje hapo, mafupi, yanapokuwa yanangojewa.

Majibu ya maswali yanastahili uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote, nami husikitika kuona kurasa nzuri zikimaliza kwa «Umekosea, jaribu tena», maneno yasiyomsaidia mtu. Kila jibu lisilo sahihi liandikiwe maelezo yake. Kwa aliyechagua umbali kuwa sababu ya majira, andika hivi: «Kama umbali ndio sababu, nusu ya kaskazini na nusu ya kusini zingepata joto katika miezi ile ile. Je, ndivyo ilivyo?» Yarudishe maswali hayo siku chache baadaye, kwa kuwa utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka walibakiwa na mengi kuliko waliosoma tena na tena.

Katika michoro, weka jina la kila sehemu kando ya sehemu yenyewe, na uondoe vibonzo vinavyorukaruka bila kufundisha kitu. Michoro ya mistari iwe katika muundo wa SVG, unaohifadhi mchoro kama maelezo ya mistari badala ya nukta za picha, ili ibaki nyepesi na isififie inapokuzwa. Milinganyo iandikwe kwa MathML, lugha ya kuandikia hesabu kwenye tovuti, badala ya picha, ili kisoma-skrini, programu inayowasomea wasioona, kiweze kuisoma kwa sauti. Uwiano wa mwangaza wa rangi ya maandishi ya kawaida na ya mandharinyuma yake usipungue 4.5 kwa 1, kitelezi kiendeshwe hata kwa kibodi, na nyaya za sakiti zitofautishwe kwa alama pia, kwani wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Kielelezo kikikamilika, waite wanafunzi 5, mmoja mmoja, uwape kazi, kisha unyamaze. Hili la kunyamaza ni gumu kweli, maana mkono hutamani kuelekeza. Lakini mahali kidole cha mwanafunzi kinapositasita ndipo penye kasoro unayoitafuta. Rekebisha, uwaite wengine.

Siku ya kuhamia, kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye ukurasa wake mpya kwa msimbo 301, unaokiambia kivinjari kwamba ukurasa umehamia anwani mpya moja kwa moja, kwa kuwa walimu wameziandika katika maandalio yao ya masomo kwa miaka mingi. Zisielekezwe zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Kwa mwezi mzima soma kumbukumbu za seva kila asubuhi ukitafuta msimbo 404, unaoonyesha kwamba ukurasa ulioombwa haukupatikana, na chini ya kila somo weka tarehe lilipohakikiwa mara ya mwisho pamoja na kitufe cha kuripoti kosa, kinachofika kwa mtu mwenye jukumu la kujibu.