Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia shuleni: namna ya kuwajulisha wazazi, hatua kwa hatua

Darasani kukiwa na mtoto mwenye ugonjwa wa kuambukiza, habari hutoka getini siku hiyohiyo pamoja na watoto. Ikifika magharibi, mtaa mzima unajua jina la mtoto, jina la mama yake, na ugonjwa ambao pengine hata sio wenyewe. Kazi yetu ni kuhakikisha habari ya kweli inafika nyumbani mapema, haimtaji mtoto, na inamwambia mzazi afanye nini usiku huohuo.

Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi ya serikali. Mwongozo huu ni kwa walimu wenzangu wa shule za Tanzania, hasa wale waliokabidhiwa afya ya wanafunzi bila kupewa maelekezo ya kutosha.

Hatua ya 1: Andaa njia kabla ya ugonjwa

Mwanzoni mwa mwaka, kila mwalimu wa darasa awe na daftari la namba za simu: mzazi au mlezi anayeishi na mtoto, na namba ya pili ya mtu wa karibu. Zihakiki kila muhula, kwa sababu watu hubadilisha laini. Weka alama pembeni kwa wazazi wasiosoma na wasio na simu, ukiandika ni jirani gani au mjumbe gani anayeweza kuwafikia.

Kikao cha kwanza cha wazazi kitumie pia kukubaliana mambo mawili mbele ya kamati ya shule. Kwanza, shule haitataja jina la mtoto mgonjwa kwa mtu yeyote asiyehusika. Pili, mtoto aliyebaki nyumbani kwa ugonjwa hahesabiwi mtoro. Hili la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Wazazi wengi huwaleta watoto wakiwa na homa kwa kuogopa adhabu ya utoro.

Hatua ya 2: Anza na mzazi wa mtoto mwenyewe

Ukimwona mtoto ana homa na vipele, au macho yamevimba na kutoa tongotongo, mtoe darasani kwa utulivu. Usimsimamishe mbele ya wenzake wala usimkague vipele hapo mlangoni. Mkalishe mahali penye hewa na mtu mzima anayemwangalia, kisha mpigie mzazi wake kabla hujamweleza mtu mwingine zaidi ya mwalimu mkuu.

Baada ya salamu, sentensi ya kwanza imtulize:

"Habari za mchana, mama. Mimi ni mwalimu wa afya wa hapa shuleni. Mtoto yuko salama, yuko nami ofisini. Ana homa na vipele kifuani, tunaomba uje umchukue umpeleke zahanati. Ukishaonana na mganga, tafadhali nijulishe amesema nini. Na mama, hatutamtaja mtoto kwa wazazi wengine."

Mzazi asipoambiwa mapema kwamba mwanawe hatatajwa, huenda akakuficha majibu ya zahanati, na bila majibu hayo huna cha kuwaambia wengine kwa uhakika.

Hatua ya 3: Zahanati ndiyo inayotaja ugonjwa

Mwalimu anaona dalili tu. Jina la ugonjwa hutoka kwa mtaalamu. Vipele vya tetekuwanga, surua na Mpox vinaweza kumchanganya mtu asiyesomea kazi hiyo, na tangu Mpox ithibitishwe nchini Machi 2025, neno moja lililoteleza ofisini linatosha kuzua taharuki. Wasiliana na mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na afisa afya wa kata. Mjulishe pia Afisa Elimu Kata.

Surua, kipindupindu na mtoto aliyepooza ghafla ni mambo ambayo kituo cha afya hutakiwa kuyaripoti ngazi ya juu ndani ya saa 24, hata yakiwa yanashukiwa tu. Usisubiri kesho kuwaeleza. Ukikosa pa kuanzia, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Majibu yakichelewa, barua inaweza kwenda na neno "inashukiwa". Ni bora kuliko kimya, ilimradi mganga amekubali liandikwe.

Hatua ya 4: Amua nani anapaswa kujua

Si kila ugonjwa unastahili barua, na si kila barua ni ya shule nzima.

Surua ni ya shule nzima, maana virusi vyake hubaki hewani hadi muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Kipindupindu vilevile, na hapo waongeze mama lishe na wauzaji wa vitafunwa walio getini. Tetekuwanga, matumbwitumbwi, macho mekundu, upele na mashilingi kwa kawaida ni vya darasa husika, pamoja na wanaopanda naye basi la shule au kulala naye bweni moja.

Usisahau madrasa, tuisheni na shule ya Jumapili. Watoto wa madarasa tofauti hukutana huko jioni, wanakaa mkeka mmoja. Kumpa ustadhi taarifa ya jumla, bila jina, ni sehemu ya kazi hii.

Kifua kikuu kina utaratibu wake: wahudumu wa kituo cha afya ndio wanaoorodhesha waliokaa karibu na mgonjwa na kuwaita wapimwe. Shule inasaidia kuwafikia hao tu. Malaria na kifafa haviambukizwi kwa kukaa dawati moja, kwa hiyo havina barua. Na hali ya mtoto kuhusu VVU haitangazwi kamwe, kwa mzazi yeyote wala kwa mwalimu mwenzako asiyehusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Hata isingekuwepo, heshima ya mtoto ingetosha.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya tarehe

Hapa ndipo barua nyingi za shule zinapopungukiwa. "Wazazi kuweni makini" haimsaidii mtu. Mzazi anataka kujua aangalie nini, kuanzia lini hadi lini.

Chukua tetekuwanga. Mtoto huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijatoka. Aliyeambukizwa huonyesha dalili kati ya siku ya 10 na ya 21. Tuseme vipele vimeonekana Ijumaa tarehe 6 Machi, na mtoto akaondoka siku hiyo. Wenzake walianza kuwa hatarini Jumatano tarehe 4. Ongeza 10 kwenye 4, unapata 14 Machi. Ongeza 21 kwenye 6, unapata 27 Machi. Basi wazazi wawaangalie watoto kati ya 14 na 27 Machi. Andika tarehe hizo kwa wino mzito.

Kipindupindu hakikupi nafasi hiyo, kwani dalili huanza ndani ya saa chache hadi siku tano. Taarifa yake iende siku hiyohiyo, kwa simu kwanza, karatasi baadaye.

Surua nayo ina saa zake. Mtoto ambaye hajachanjwa, akipata chanjo ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa, anaweza kukingwa au kuugua kidogo tu. Lakini mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele, kwa hiyo mara nyingi sehemu ya saa hizo imeshapita mwalimu anapogundua. Kila saa barua inayokaa mezani kungoja muhuri inakula nafasi ya mtoto fulani. Kwa surua, waombe wazazi watoe kadi ya kliniki jioni hiyohiyo: chanjo ya surua-rubella hutolewa mara mbili, mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18. Asiye na dozi zote apelekwe kliniki asubuhi.

Hatua ya 6: Andika barua fupi

Isizidi nusu ukurasa. Karatasi moja ya A4 itatoa barua mbili, na gharama ya kudurufu inapungua. Huu ni mfano wa tetekuwanga:

*Ndugu mzazi/mlezi wa mwanafunzi wa darasa la pili,*

*Salaam. Zahanati imethibitisha ugonjwa wa tetekuwanga katika darasa la pili. Masomo yanaendelea kama kawaida.*

*Tafadhali mwangalie mtoto wako kati ya tarehe 14 na 27 Machi. Akipata homa, au vipele vinavyowasha na kujaa maji, abaki nyumbani na umpigie mwalimu wa darasa. Siku hizo hazitahesabiwa utoro. Atarudi shuleni vipele vyote vitakapokauka na kufanya magamba, kwa kawaida kama wiki moja.*

*Usimpe aspirini. Mkate kucha asijikune. Mpeleke kituo cha afya haraka akipumua kwa shida, akilegea sana, au vipele vikianza kutoa usaha.*

*Kama nyumbani kuna mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, mtoto mchanga, au mtu mwenye kinga dhaifu, naye amekuwa karibu na mtoto mwenye dalili, aonane na mganga mapema hata kama yeye bado hana dalili.*

*Hatutaji jina la mwanafunzi yeyote. Ukiwa na swali, piga simu ya mwalimu wa afya: ............*

*Mwalimu Mkuu (sahihi na muhuri)*

Angalia barua haisemi "mwanafunzi mmoja". Darasa likiwa dogo na aliyekosekana ni mmoja, ukisema mmoja umeshamtaja. Shule ndogo ziandike "madarasa ya awali hadi la pili" badala ya kutaja darasa lenyewe.

Kama mtaani kuna tiba za hatari zinazosambaa, zitaje na uzikataze waziwazi. Januari 2024, macho mekundu yalipolipuka Dar es Salaam na kusambaa, watu waliambiana watie machoni mkojo, maziwa ya mama, au dawa za macho za kununua bila kuandikiwa, na Wizara ikalazimika kukemea. Barua ya macho mekundu iseme: nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, kila mtu atumie taulo yake, usitie kitu chochote jichoni ambacho hukuandikiwa na mtaalamu.

Hatua ya 7: Tuma kwa njia zaidi ya moja, siku hiyohiyo

Karatasi zitolewe kabla ya kengele ya kutoka, mwalimu wa darasa akihakikisha kila mtoto ameiweka ndani ya daftari. Chini pawe na kipande cha kukata chenye sahihi ya mzazi, kirudi kesho. Visivyorudi ndivyo vinavyokuonyesha nani apigiwe.

Ujumbe mfupi wa simu uingie ndani ya herufi 160, usikatike vipande viwili:

*Shule: kuna tetekuwanga darasa la 2. Mtoto akiwa na homa au malengelenge kati ya 14 na 27 Machi abaki nyumbani. Asipewe aspirini. Barua ipo daftarini.*

Kwenye kundi la WhatsApp la darasa, weka picha ya barua na sauti ya dakika moja ukiisoma taratibu. Sauti inawafikia bibi na babu wanaolea wajukuu kuliko maandishi. Funga kundi kwa jioni hiyo ili viongozi wake pekee waandike, na useme maswali yaje kwako kwa simu. Mtu akiweka picha ya mtoto mwenye vipele, ifute mara moja na umpigie aliyeiweka.

Wale wenye alama kwenye daftari lako wafikishiwe kwa mdomo. Mjumbe naye apewe maneno yaleyale ya barua, asije akayaongezea.

Hatua ya 8: Jiandae kwa simu

Swali la kwanza litakuwa "Ni mtoto wa nani?" Jibu moja, walimu wote walijue: "Hatutaji jina la mtoto yeyote. Kesho akiwa wa kwako, hatutamtaja pia." Nimeona mzazi aliyepiga akifoka akishusha sauti kwa sentensi hiyo ya pili.

La pili: "Nimzuie wangu nyumbani?" Kama hana dalili na mganga hajaelekeza vinginevyo, aje shule. La tatu: "Shule mnafanya nini?" Uwe na majibu ya kweli: madirisha yako wazi, vibuyu chirizi vimejazwa maji na sabuni ipo, kikombe cha kuchangia kwenye tangi kimeondolewa. Kama sabuni haijafika, usiseme ipo. Watoto watawaeleza wazazi wao jioni.

Hatua ya 9: Fuatilia, kisha tangaza mwisho

Kila asubuhi pitia daftari la mahudhurio la darasa husika. Watoto watatu wa dawati moja wakikosekana, piga simu kabla ya saa nne. Wagonjwa wapya wakithibitishwa, tarehe za kuangalia zinasogea mbele, na wazazi wapewe tarehe mpya kwa ujumbe mfupi.

Mtoto akirudi, mkague pembeni, mkaribishe, na mpe madaftari ya wenzake anakili alichokosa. Wanafunzi waambiwe kwa upole kwamba aliyepona amepona; matani ya vipele huwaumiza watoto muda mrefu kuliko ugonjwa.

Siku 21 zikipita tangu mgonjwa wa mwisho wa tetekuwanga awe darasani, na hakuna mpya, tuma ujumbe wa kufunga: "Tangu tarehe fulani hakuna mgonjwa mpya wa tetekuwanga. Asanteni kwa kuwabakiza watoto nyumbani na kutoa taarifa." Shule nyingi huuruka ujumbe huu, na wazazi wanabaki wiki kadhaa wakidhani ugonjwa bado upo. Nakala za barua, tarehe na idadi ya wagonjwa ziwekwe kwenye faili la afya ofisini kwa mwalimu mkuu. Orodha ya majina ikae kwenye bahasha iliyofungwa, kabatini, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja.