Mzee kaacha sanduku la vifaa vya useremala, unaviuzaje bila kupigwa

Mzee wangu alikuwa fundi seremala miaka yote niliyomjua, na alipofariki tukabaki na sanduku lake la mbao, zito kweli, watu wawili mnalibeba kwa shida, ndani kuna randa, patasi, misumeno, keekee, guni, tupa na vinoo viwili vilivyolika katikati kama mtumbwi. Arobaini haijafika jirani kaleta jamaa wa chuma chakavu, jamaa kapima vitu viwili vitatu kwenye mizani yake akasema elfu ishirini sanduku zima. Nilishafungua mdomo niseme chukua. Namshukuru Mungu sikusema, maana randa moja tu humo ndani ilikuja kuuzwa zaidi ya mara nne ya hiyo hela, ndo maana naandika, najua kuna mtu sa hivi ana sanduku kama lile na anaambiwa ni vyuma tu.

Kwanza malizaneni nyumbani. Vifaa vya marehemu ni mirathi sawa na kiwanja, kwa hiyo msimamizi wa mirathi ajue, ndugu waulizwe nani anataka kitu gani, halafu piga picha kila kitu na uandike orodha. Sisi mdogo wangu alitaka nyundo tu, ile yenye mpini uliochubuka rangi pale mzee alipokuwa anaweka kidole gumba. Akapewa, yakaisha.

Pili, usisafishe kwa pupa. Hapa watu wengi wanaharibu. Mtu anachukua grainda anang'arisha randa mpaka inakuwa kama sufuria mpya, anafuta maandishi, anapaka rangi, mnunuzi anayejua akiiona anaondoka kwa sababu hajui tena kuna ufa umefichwa au la. Futa vumbi, paka mafuta ya taa uache usiku kucha, asubuhi sugua taratibu kwa stilwaya, kausha, pitisha oili kidogo basi. Kutu ya juu inatoka yenyewe, na vipini usiviguse.

Ukishasafisha soma maandishi, na hapa usiwe na haraka, kaa nje kwenye mwanga. Randa za chuma nyingi za wazee wetu ni Stanley au Record. Stanley zina namba, No 4 ndo ndogo ya kumalizia, urefu kama inchi 9, No 5 inchi 14, No 7 ni ile ndefu ya inchi 22 ya kunyoosha mbao, inafika karibu kilo tatu na nusu. Record ni za Sheffield, Uingereza, walianza kutengeneza randa mwaka 1931 na namba zao zimeongezwa sifuri mbele, 04, 05 hivyo hivyo, kwa hiyo ukiona sifuri usidhani ni feki. Stanley za Marekani za zamani, kwenye mwili wa randa nyuma ya kisu, zimeandikwa tarehe za hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ukikuta ya mwaka 1902 au 1910 (mwaka huandikwa kwa kifupi, 02 au 10) iweke pembeni, hiyo ina wateja wa kukusanya vitu vya kale. Misumeno angalia kile kisarafu cha shaba kwenye mpini, Disston ya Philadelphia au Spear & Jackson ya Sheffield zina jina pale.

Halafu kagua ubovu mwenyewe kabla hujakaguliwa. Mwili wa randa ni chuma cha kumimina, ikidondoka sakafuni inapasuka, kwa hiyo tazama pembeni mwa lile tundu kinapotokea kisu, ufa wa nywele pale unashusha bei vibaya. Kisu chenyewe kimebaki kirefu au kimenolewa mpaka kinakaribia tundu lake? Msumeno ushike mpini utazame kwa jicho moja mpaka ncha, uwe umenyooka. Ubovu uliouona useme, mafundi wanaambiana.

Sasa wapi pa kuuza. Mi naona mteja bora ni fundi anayefanya kazi, sio wa skrepa wala yule anayekuja na gari anasema "nachukua vyote kwa pamoja". Kwa Dar nilienda Keko kwenye mafundi wa fenicha asubuhi na randa mbili tu kwenye mfuko, sikusema nauza, niliuliza hii inafaa kazi gani. Mzee mmoja akaishika, akageuza, akachukua kipande cha mninga akapitisha mara moja, likatoka ganda jembamba refu unaona mwanga, vijana wakasogea. Pale bei ikaanza kupanda yenyewe. Kama uko Nairobi nenda Gikomba, ni mtindo ule ule. Kabla ya kwenda pita dukani uulize randa mpya ya kichina bei gani, hiyo iwe sakafu yako, randa nzima ya Sheffield isishuke chini ya hapo.

Mtandaoni weka zile zenye jina tu, Facebook Marketplace au tovuti ya Jiji, picha nne, moja ya maandishi kwa karibu, moja ya kisu, na uandike namba na urefu. Kuuza nje kupitia eBay inawezekana ila posta ya kitu cha kilo mbili tatu inakula faida, fanya hivyo kwa kitu adimu tu. Patasi uza kwa seti, moja moja utabakiwa na zile pana. Na mtu akikutumia meseji ya malipo usiamini meseji, fungua menyu ya simu uangalie salio lako kwanza ndo utoe mzigo.

Vilivyovunjika kabisa, hivyo sasa ndo umpe wa skrepa kwa kilo.

Vinoo havikupata bei ya maana, nikamwongezea yule mzee wa Keko aliyechukua randa. Akapitisha kidole kwenye lile bonde la katikati akasema, "Huyu alikuwa ananoa kila siku."